Kata ya bondeni Dar: modeli ya kompyuta itusaidie kuamua nini kabla ya masika?

MpangaMji_Dsm

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa mliowahi kuiga mafuriko au ukuaji wa mji kwenye kompyuta.

Mimi ni afisa mipango miji, bado mchanga kazini, hapa Dar es Salaam. Kata niliyopewa iko kando ya kijito kinachoingia Mto Msimbazi. Nyumba zimebanana mno. Kuna vichochoro ambavyo jeneza halikati kona mpaka lisimamishwe. Gari la zimamoto haliingii, gari la taka haliingii, na masika ikishika maji yanalala ndani na watu.

Mkuu wangu wa kazi hataki tena mpango wa kuchora mistari mizuri halafu ukaishia kabatini. Anataka tujaribu kwanza kwenye kompyuta tuone kila njia italeta nini. Mezani ziko njia tatu. Ya kwanza ni kupanua kijito na kukijengea kwa zege. Ya pili ni kuondoa nyumba zote zilizo ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inavyotaka. Ya tatu ni kufungua barabara mbili za ndani pamoja na mitaro yake, nyumba chache ziondoke kwa fidia.

Nina laptop ya kawaida, QGIS (programu ya ramani), ramani ya majengo na mitaro ya Ramani Huria (mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar), na data ya miinuko ya setilaiti niliyopakua bure. Nimeendesha HEC-RAS, programu ya kuiga mwendo wa maji, kwa miinuko hiyo. Maji yanajaa kwenye uwanja wa shule ambao wenyeji wote wanasema haujawahi kufurika, na mtaa unaozama kila masika unabaki mkavu.

Je, nibadilishe programu? Na hata nikipata jibu, nitasimamaje na ramani hiyo mbele ya watu ambao nyumba zao zitaguswa?

FundiMitaro

Mkuu, mimi ni fundi wa kujenga mitaro na nimefanya kazi kwenye mabonde mengi ya mji huu. Ushauri wangu ni wa wazi: hela ya modeli ichimbeni mitaro. Maji yanajulikana yanakotoka na yanakokwenda. Tatizo la kata kama hiyo ni taka na mchanga. Leo unazibua, wiki mbili mbele mtaro umejaa tena kwa sababu gari la taka halipiti na watu hawana pa kutupa. Kompyuta haitazoa taka.

BiKontua

Mdogo wangu, usibadilishe programu. HEC-RAS imetengenezwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, ni ya bure, na kwa kazi yako inatosha. Ulichokosa ni ardhi yenyewe.

Kama ulichopakua ni SRTM, ile data ilipimwa kwa rada kutoka kwenye chombo cha angani Februari 2000, na kila kipande chake ni kama mita 30 kwa 30. Kwenye kata yako kipande hicho kinabeba nyumba saba nane, kichochoro, choo, mwarobaini na mtaro, na vyote vimepewa namba moja ya mwinuko. Tena rada inapiga bati, haifiki chini. Kwa hiyo penye nyumba nyingi kompyuta inaona kilima, na uwanja wa shule ulio wazi inauona kama shimo. Ndiyo maana maji yako yamekimbilia shuleni. Kompyuta imefanya hesabu sawasawa, ila juu ya mapaa.

Nimefanya kazi ya kuiga maji mabondeni kwa muda mrefu, na jambo ninaloliamini kuliko yote ni kwamba kwenye makazi yaliyobanana, sentimita 20 ndizo zinazoamua nani analala pakavu. Kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kwa tofali moja, tuta la viroba alilopanga jirani, barabara iliyomwagiwa kifusi mpaka ikawa juu kuliko nyumba: hivyo ndivyo vinavyoyaongoza maji, na setilaiti haivioni. Picha za droni zitakusaidia kuona vichochoro, kwa sababu vipande vyake ni vya sentimita. Lakini nazo zinapima paa. Chukua levo ya kawaida ya mafundi, ile ya kupimia tofauti za mwinuko, pita na mpimaji katikati ya kila kichochoro, chukua sakafu ya mtaro, mdomo wa kila kalavati na kizingiti cha kila nyumba ya tatu hivi. Vijana wa Chuo Kikuu Ardhi wamewahi kushiriki kazi za namna hii chini ya Ramani Huria tangu 2015, kwa hiyo hutafundisha kitu kigeni.

Sasa nije kwa FundiMitaro, maana amesema kweli na ukweli wake lazima uingie kwenye modeli. Wapangaji wengi huingiza bomba la kalavati kama lilivyo kwenye mchoro: duara tupu, safi. Nenda ukaangalie. Utakuta mchanga, chupa, nepi na magunia. Bomba la duara lililojaa mchanga hadi nusu halipitishi nusu ya maji. Linapitisha kama theluthi tu, kwa sababu nafasi imepungua na pia maji yanasuguana na eneo kubwa zaidi kulingana na nafasi iliyobaki. Kwa hiyo usiendeshe modeli mara moja. Iendeshe na mitaro ilivyo leo, kisha na mitaro iliyozibuliwa kabla ya masika, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Tofauti ya ramani hizo mbili ndiyo thamani ya kuzoa taka. Ukimwonyesha mkuu wako kwamba kuzibua kunaokoa nyumba nyingi kuliko zege, hapo ndipo njia yako ya tatu inapopata nguvu, kwa sababu barabara ya ndani ndiyo inayoingiza gari la taka. Kaka FundiMitaro, hii hesabu ndiyo inayoweza kukupatia bajeti ya kuzibua kila mwaka, badala ya kusubiri mpaka watu wazame.

MkaziWaBondeni

Nawasalimu wote. Mimi ni mjumbe wa shina, nimezaliwa bondeni na watoto wangu wamezaliwa hapohapo. Nimesoma mpaka mwisho kwa sababu mnajadili nyumba kama yangu.

Mpangaji, njoo uulize na utaonyeshwa. Maji ya kwetu hayaji kutoka mtoni kwanza. Yanaanza kutoka juu, upande wa barabara ya lami, yanashuka vichochoroni, yanaingia kwa mlango wa uani. Mto unapanda baadaye, na ukipanda yale ya juu yanakosa pa kwenda. Hapo ndipo tunapotoa magodoro. Ukutani kwangu ipo alama ya Desemba 2011, iko juu ya swichi ya taa. Ya Aprili 2018 iko chini yake, usawa wa meza. Nyumba nyingi zina alama hizo, watu hawazipaki rangi.

Na jambo lingine ambalo ofisini hamliandiki. Mvua ikinyesha sana, kuna wanaotapisha vyoo. Wanafungua shimo, uchafu unaondoka na maji. Hawana namna, gari la kunyonya haliwafikii na gharama hawaiwezi. Maji yanayoingia ndani kwangu si maji ya mvua tu. Mkiweka kwenye kompyuta kina cha maji, wekeni na hilo. Maji ya kufika kifundo cha mguu yenye kinyesi yanaua watoto kwa kipindupindu kuliko maji safi ya kiunoni.

Kuhusu mita 60. Baada ya mafuriko ya 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 mjini hapa, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na bonde. Wapo waliotulia kule, nawafahamu. Wapo waliorudi, kwa sababu mama anayeuza samaki wa soko la Feri hawezi kutoka Mabwepande saa tisa usiku na kurudi kwa nauli ile. Modeli yenu inajua hilo?

MtembeaNbi

Salamu kutoka Nairobi. Swali la mjumbe limenigusa, nami niko upande wa usafiri, kwa hivyo niongeze.

Modeli nyingi za usafiri zinahesabu magari. Wanaotembea kwa miguu wanaachwa nje, ilhali ndio wengi katika mitaa kama hiyo. Hapa kwetu kabla ya mradi wa Digital Matatus kutoa ramani mwaka wa 2014, njia za matatu hazikuwa kwenye data yoyote ambayo kompyuta ingesoma. Wanafunzi walipanda matatu na simu zao, wakarekodi njia na vituo. Bila kazi hiyo, modeli yoyote ya Nairobi ingefikiri wakazi wa Eastlands wanafika kazini kwa miujiza.

Kwa hivyo, ndugu mpangaji, ukitaka kujua kuhamishwa kunamaanisha nini, tumia programu inayofuata mtu mmoja mmoja kwa siku nzima: anatoka nyumbani saa ngapi, anatembea wapi, anapanda nini, analipa ngapi. MATSim ya wenzetu wa Zurich na Berlin inafanya hivyo na ni ya bure. Si lazima uingize jiji zima. Tengeneza watu wachache wa mfano: muuza samaki, fundi, mwanafunzi, mlinzi wa usiku. Wahamishe Mabwepande ndani ya kompyuta, uone siku yao inabaki na saa ngapi.

Pia someni habari za Mukuru, makazi yaliyobanana ya hapa Nairobi. Kaunti ya Nairobi ilitangaza eneo hilo kuwa la mipango maalum mwaka wa 2017, na wakazi wenyewe walihesabiwa na kushirikishwa nyumba kwa nyumba kabla barabara hazijachorwa. Barabara zikapangwa kuwa nyembamba kuliko kanuni za kawaida, ili watu wasing'olewe wengi. Kanuni ikifuatwa bila kuangalia watu, inahamisha watu wengi kuliko mafuriko yenyewe.

MpangaMji_Dsm

Nashukuru sana. Mzee wangu mjumbe, shikamoo. Hili la maji kuanzia upande wa lami sikulijua, na linabadilisha kazi nzima, maana nilikuwa nayaingiza maji kutoka mtoni peke yake.

Dada BiKontua, swali lililobaki ni hili la mita 60. Mkuu wangu anaipenda njia hiyo kwa sababu kwenye modeli inaonekana safi: nyumba zikitoka, hakuna anayezama. Nimjibu nini? Na zege je?

BiKontua

Mwambie mkuu wako modeli imeonekana safi kwa sababu imewafuta watu. Imewatoa bondeni na haikuwaweka popote. Ndani ya kompyuta mtu akitolewa anaisha. Kwenye jiji anakwenda kujenga mahali pengine, na hapo alipojenga ndipo hesabu inapoanza upya.

Tazama sensa. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu milioni 4.36 mwaka 2012, na milioni 5.38 mwaka 2022. Mkoa wa Pwani, unaotuzunguka, ulitoka milioni 1.1 hadi milioni 2.0 katika miaka hiyohiyo. Mji umemwagikia nje, na sehemu ya huko nje ni Pugu na Kisarawe, vilima ambavyo Msimbazi unaanzia. Anayeshindwa kupata chumba bondeni anakata kichaka mlimani, anapiga tofali, anaezeka bati. Mvua iliyokuwa inazama kwenye udongo sasa inateremka.

Nikupe hesabu ambayo unaweza kuirudia mwenyewe kwa kikokotoo. Kuna kanuni ya zamani ya idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani, inayoipa kila aina ya ardhi namba ya mtiririko. Chukua mvua ya milimita 100 kwa siku, kwenye udongo unaopitisha maji kiasi. Msitu mzuri una namba 55, na kati ya milimita hizo 100 zinatiririka kama 13. Geuza msitu huo uwe makazi yaliyobanana, namba 85, zinatiririka kama 61. Yaani maji ya kilima kilekile, kwa mvua ileile, yameongezeka karibu mara tano, na yote yanakuja kwa mjumbe wetu. Yanakuja na mchanga pia, kwa sababu udongo umeachwa wazi, na mchanga huo ndio unaoziba mitaro anayoizungumzia FundiMitaro. Kisha mto unainuka, nyumba zilizokuwa nje ya mita 60 zinaanza kuzama, nazo zinawekewa alama ya kuvunjwa. Mduara huo ndio ninaotaka uuone kwenye skrini kabla mtu hajashika nyundo.

Hili linawezekana kwa laptop yako. Picha za setilaiti za Landsat ni za bure. Chukua ya 2002, ya 2012 na ya 2022, uzigawe kwenye madaraja machache tu: msitu na kichaka, shamba, makazi, maji. Tumia picha mbili za kwanza kumfundisha kompyuta mji unakuaje, kando ya barabara gani, kwenye miteremko ipi. Halafu mwambie akisie 2022, ulinganishe na 2022 halisi unayoijua. Akikosea sana, rekebisha, usisonge mbele. Akikaribia, mpeleke 2035 kwa hali mbili: watu wanaoondolewa bondeni wamepewa viwanja vilivyopimwa karibu na njia ya mabasi, au wameachwa wajitafutie. Kila hali itakupa vilima vyenye bati kiasi fulani. Geuza bati hilo kuwa mtiririko kwa ile kanuni ya namba, uyaingize maji hayo kwenye HEC-RAS yako kutoka juu. Hapo sasa njia ya pili utaipima kwa haki.

Sisemi watu wabaki mahali panapoua. Kuna nyumba ziko kwenye mkondo wenyewe, na hizo lazima zitoke, kwa fidia na mapema. Ninachokataa ni mstari mmoja wa mita 60 kutumika kama kisu. Ramani yako ya kina cha maji itaonyesha kuna nyumba iko mita 40 kutoka mtoni juu ya ukingo na haijawahi kuguswa, na nyingine iko mita 90 na inazama kila mwaka.

Zege. Zege linayatoa maji kwenu haraka, na linayafikisha kwa jirani haraka vilevile. Usiishie kwenye mpaka wa kata. Weka kipimo pale kijito kinapotoka kwenu, ulinganishe maji yanayopita hapo kwa saa, kabla na baada ya zege. Kama kilele cha maji kimepanda, umehamisha mafuriko kwa jirani. Chini kule bonde la Msimbazi lina mradi wake mkubwa, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa 2022, wenye kuinua daraja la Jangwani na kulipanua bonde liwe na nafasi ya kupokea maji. Hao wamepiga hesabu zao. Nenda ukawaulize mto wao unategemea kupokea kiasi gani kutoka kwenye kijito chako, ndipo uchague upana.

Jaribu na matangi, maana wengi wanayapendekeza bila kuyapima. Paa la mita 10 kwa 8 likipata mvua ya milimita 100 linatoa lita 8,000. Simtanki ya lita 1,000 inajaa ikiwa mvua imefika milimita 12 na nusu. Baada ya hapo ni kama haipo, na kama ilikuwa imejaa tangu jana, haikusaidia hata tone. Kwa mafuriko makubwa tangi dogo la nyumbani ni mchango mdogo. Kwa vimvua vya kila wiki vinavyoleta matope na kipindupindu, mchango wake unaonekana, na mama anapata maji ya kufulia. Pima hali zote mbili, usitumie mvua moja kubwa tu. Data ya mvua omba Mamlaka ya Hali ya Hewa, na uombe ya saa kwa saa kama ipo, kwa sababu milimita 100 za siku nzima si sawa na milimita 100 za saa mbili.

Umeuliza utasimamaje mbele ya watu. Usianze na ramani ya kesho. Anza na Aprili 2018. Iendeshe modeli kwa mvua ya siku zile, upande wa lami na upande wa mto, ulinganishe kina kilichotoka na alama za ukutani kwa mjumbe na majirani zake. Waite, waonyeshe, waulize: hapa kwako yalifika hapa? Watakurekebisha papo hapo, na kila rekebisho liingize. Siku watakaposema "ndivyo ilivyokuwa", ndipo uwaonyeshe njia tatu. Na kwenye kila nyumba weka rangi ya jinsi ulivyo na uhakika. Penye shaka paonekane pana shaka, kwa sababu mtu akivunjiwa nyumba kwa namba ambayo wewe mwenyewe uliitilia mashaka, hiyo ni dhuluma.

FundiMitaro

Dada, hili la kuendesha modeli na mitaro michafu halafu misafi nimelielewa na nimelikubali. Mpangaji, vipimo vya kalavati za upande huo naweza kukusaidia kupima. Nyingine ziko chini ya maduka ya watu, hazionekani kwenye picha yoyote, lakini sisi tulioziweka tunazijua.

MkaziWaBondeni

Marahaba, kijana wangu. Njoo Jumapili mchana, watu wako nyumbani. Pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa upate barua, maana watu wakiona levo wanadhani ni bomoabomoa na hakuna atakayekufungulia mlango. Nitatangulia kuwaeleza ni kazi gani. Aje na dada mmoja pia, kwa sababu habari za vyoo na za maji ya ndani wanaozijua ni akina mama, na hawatamsimulia mwanamume wasiyemfahamu.

MpangaMji_Dsm

Nimepokea yote. Barua ya mtaa naifuata kesho asubuhi, na ya Mamlaka ya Hali ya Hewa naiandika leo. Jumapili nitakuja na levo na mwenzangu wa kike wa ofisini anayeshughulikia maendeleo ya jamii. Kaka FundiMitaro, nakutumia ujumbe wa faragha tupange kuanzia kalavati ya chini ya maduka. MtembeaNbi, yule muuza samaki wa Feri ndiye mtu wa kwanza nitakayemweka kwenye MATSim, na njia yake nitaitembea naye kuanzia saa tisa usiku kabla sijaiandika.